Pambo la Kukaa: Desturi ya Krismasi katika Nyumba za Milima ya Madini

Neno kupamba limeenea mahali pengi katika Kiswahili. Bibi arusi hupambwa, maneno hupambwa na mjuzi wa kusema, hata vita hupamba moto. Lakini tukiuliza, "Nyumba hupambwa kwa kitu gani?" majibu yatakuwa ya namna mbili, nasi twamwomba msomaji azishike namna hizo mbili, maana habari yetu yote yasimama juu yake.

Namna ya kwanza ni pambo la kupita. Krismasi ikikaribia, watu wetu hukata makuti na matawi ya mvinje, huunganisha karatasi za rangi zikawa minyororo, hupuliza maputo. Mwaka Mpya ukiisha kuingia, makuti yamekauka, karatasi zimepauka, na vyote hutupwa jaani. Hakuna anayevisikitikia, wala si kosa. Namna ya pili ni pambo la kukaa. Katika nyumba za mawe za Lamu na miji mingine ya pwani, mafundi wa zamani walifanyiza zidaka ukutani, safu juu ya safu, na mwenye nyumba alipanga humo sahani na bakuli za kaure zilizoletwa kutoka Uchina na nchi nyingine za ng'ambo. Vyombo vile viliwekwa vitazamwe. Mgeni alipoingia na kuviona alijua amefika kwa watu gani, na sahani moja ikivunjika nyumba nzima ilihuzunika.

Sasa iko nchi moja katika Ulaya ambako pambo la Krismasi ni la namna hii ya pili, ila kwa ajabu moja: pambo lenyewe huonekana kwa majuma machache tu, kisha hufichwa hata mwaka wa pili. Twataka kueleza desturi hiyo kama tulivyoiona na kama tulivyoelezwa na wenyeji.

Nchi yenyewe huitwa Erzgebirge, maana yake Milima ya Madini, nayo iko katika jimbo la Saksonia, upande wa mashariki wa Ujerumani, mpakani mwa Ucheki. Mwaka 1168 fedha ilionekana mahali ambapo baadaye palikuwa na mji wa Freiberg. Baada ya miaka 300 na zaidi ikaonekana fedha nyingine milimani juu, ndipo mji wa Annaberg ulipojengwa. Mahali pengine, kama Seiffen, palitoka bati. Watu walikuja kwa wingi kuchimba, na kwa vizazi vingi mchimbaji alikuwa ndiye mtu wa nchi ile. Lakini madini yaliyo karibu huisha, na yaliyo mbali gharama yake hushinda faida. Mashimo yalipopunguza mazao, watu wale hawakuwa na udongo mzuri wa kulima, walikuwa na misitu tu, na mito iliyokuwa ikizungusha magurudumu ya kupondea mawe. Basi nguvu ya maji iliyozungusha kinu cha mawe ikazungusha kerezo, na mchimbaji akawa mkereza miti. Alikereza kwanza vyombo vya jikoni, vifungo na vijiti vya kufumia, halafu vitu vya kuchezea watoto, ambavyo vilibebwa kwenda kuuzwa masokoni mbali. Wanawake na watoto walipaka rangi nyumbani hata usiku, na malipo yao yalikuwa haba. Tusisahau jambo hili tukiona uzuri wa kazi zao.

Jambo la pili la kufahamu ni giza. Mwezi wa Desemba jua la huko huchomoza kama saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni limekwisha kuchwa. Mchimbaji aliingia shimoni kabla ya mapambazuko akatoka usiku, hata siku za kazi hakuliona jua kabisa. Ndiyo maana nuru imekuwa kiini cha mapambo yao yote. Katika madirisha ya nyumba zao husimama sanamu ndogo za mti, mchimbaji aliyevaa mavazi yake ya sikukuu na malaika, kila mmoja ameshika mishumaa miwili. Desturi yasema ya kwamba kwa kila mtoto wa kiume wa nyumba ile huwekwa mchimbaji mmoja, na kwa kila binti malaika mmoja. Apitaye njiani usiku katika theluji huhesabu taa, naye ajua ndani mna watoto wangapi bila ya kubisha hodi.

Miaka kadhaa iliyopita, kwa ajili ya urafiki uliopo kati ya usharika wetu na usharika mmoja wa huko, tulikaribishwa katika nyumba moja wakati wa Majilio. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane, umri wake umepita miaka 80, nasi tulimwita Bibi kama walivyomwita wajukuu zake. Jumamosi iliyotangulia Jumapili ya kwanza ya Majilio masanduku saba yaliteremshwa kutoka darini. Sisi, kwa upesi wetu, tulinyosha mkono tumsaidie kutoa vitu. Bibi akatuzuia kwa upole, akasema, "Mwalimu, ngoja kwanza. Vina utaratibu wake." Akamwita mjukuu wake, msichana wa miaka kumi, nasi tukakaa kitini tukitazama. Kazi ile ilichukua alasiri nzima.

Kilichotoka kwanza kilikuwa upinde wa taa, ambao kwa Kijerumani huitwa Schwibbogen. Ni nusu duara ya chuma au ya mti, juu yake mishumaa imepangwa, na chini yake mna picha za watu zilizokatwa. Upinde wa zamani kuliko yote inayojulikana ni wa chuma, umeandikwa mwaka 1740, nao ulitoka Johanngeorgenstadt. Wengine husema ya kwamba upinde ni mfano wa mlango wa shimo, maana siku ya zamu ya mwisho kabla ya Krismasi wachimbaji walitundika taa zao mlangoni kwa kuuzunguka. Wengine husema ni mfano wa mbingu. Hatuwezi kuamua kati yao, lakini twaona neno la kwanza lapendwa zaidi na wenyeji.

Baada yake ilitoka ile iitwayo piramidi. Msomaji asidhani ni kaburi la Farao. Ni jengo dogo la mti lenye orofa mbili au tatu, na kila orofa ni sahani ya duara iliyobeba watu wadogo: chini wachimbaji, juu yao wachungaji na kondoo, na Yusufu na Mariamu na Mtoto. Juu kabisa pana gurudumu la mbao nyembamba zilizolazwa upande, kama panga za kinu cha upepo. Mishumaa ikiwashwa chini, hewa iliyopata moto hupanda, nayo ikipanda husukuma mbao zile, gurudumu likazunguka na kuzungusha mti wa katikati pamoja na sahani zote. Hakuna kamba wala umeme. Mishumaa ikiwa mifupi sana watu huenda polepole, na mtu akifungua mlango ghafula msafara wote husita. Tulimwona mzee mmoja jirani akikaa mbele ya kitu hicho saa nzima bila neno.

Wanyama wa Bibi walikuwa katika sanduku la tatu, ng'ombe, kondoo, ngamia, farasi na tembo, wengi wao hawazidi urefu wa kidole. Tuliuliza zilichongwaje sanamu ndogo namna ile nyingi na zote sawa, na jibu lake latupasa kulieleza kwa urefu, maana hatujapata kuona ufundi kama huo kwetu. Mkereza huchukua kipande cha gogo la msonobari kilichokatwa kama gurudumu, kikiwa kibichi chenye maji. Hukitia katika kerezo, na kwa patasi huchimba mifereji upande mmoja, kisha hukigeuza akachimba upande wa pili. Mbele yake ni pete ya mti tu yenye mabonde na vilima. Hakuna mnyama aonekanaye. Lakini pete ile ikipasuliwa vipande vipande, kama mkate wa duara unavyokatwa, kila kipande kwa ubavuni kina umbo la ng'ombe au la farasi, kichwa na miguu na mkia. Maana yake fundi alikuwa akimchonga mnyama asiyemwona, kwa kipimo kilichomo kichwani na vidoleni mwake. Pete moja hutoa makumi ya wanyama. Baada ya hapo huchongwa kidogo kwa kisu, hutiwa masikio na pembe kwa gundi, hupakwa rangi. Ufundi huu ulizaliwa Seiffen na vijiji vya jirani zamani kiasi cha miaka 200, na waujuao leo ni wachache sana.

Askari mwenye taya kubwa ajulikana duniani kote, naye twampita upesi. Ni mvunja kokwa: mpini wa mgongoni huinuliwa na taya hushuka, kokwa hutiwa kinywani, mpini hushushwa. Wa namna ijulikanayo leo alifanyizwa na Wilhelm Füchtner wa Seiffen kama mwaka 1870. Mara nyingi hupewa sura ya mfalme au ya askari wa serikali, na watu husema kwa kicheko ya kwamba ni furaha kuwaona wakubwa wakiwavunjia wanyonge kokwa zao walau mara moja kwa mwaka.

Lakini mzee wa moshi lazima tumkalie kidogo, kwa sababu ametuunganisha na kwetu. Ni sanamu ya mti iliyo tupu ndani, ya mtu mwenye kiko mdomoni. Kiwiliwili huinuliwa, na juu ya kibati huwekwa kipande kidogo chenye ncha, kilichofinyangwa kwa unga wa makaa, unga wa viazi, na ubani. Hukiwashwa, kiwiliwili hurudishwa, na moshi hutoka kinywani kana kwamba mzee avuta kiko. Harufu yake ilipotufikia tulishangaa, maana ni harufu ya nyumba za pwani, ya chetezo na ya arusi. Ubani ni utomvu wa mti uotao Dhofar katika Oman na katika nchi ya Wasomali, na tangu kale ulisafirishwa kwenda huku na huku, kwetu kwa majahazi na kwao kwa njia ndefu zaidi. Wajerumani huuita Weihrauch, yaani moshi mtakatifu. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni neno la kale lenye maana ya "takatifu," ambalo halitumiki tena peke yake, lakini limo pia katika Weihnachten, jina lao la Krismasi, ambalo maana yake ni usiku mtakatifu. Bibi hakulijua jambo hilo la maneno mpaka tulipolichungua pamoja katika kamusi, akacheka, akasema ameishi miaka 80 akiunganisha vitu hivi viwili kwa pua bila kujua ya kwamba vimeunganika kwa ulimi.

Katika dirisha la juu ilitundikwa nyota kubwa ya karatasi. Hiyo si ya Milima ya Madini, ni ya Herrnhut, mji mdogo wa Saksonia hiyo hiyo ulioanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi kutoka Moravia, ndio uliowatuma wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Nyota ilianza katika shule ya Niesky, mwanzoni mwa karne ya 19, kama somo la hesabu ya maumbo. Ina miiba 25, 17 yenye kitako cha pembe nne na 8 yenye kitako cha pembe tatu. Mwaka 1897 Pieter Hendrik Verbeek aliitengeneza namna ya kuweza kufunguliwa na kuunganishwa tena, ikaanza kuuzwa. Katika shule za Wamoravian walikaa bwenini watoto ambao wazazi wao walikuwa mbali kazini, wengine katika nchi za joto, na kuiunganisha nyota siku ya Majilio ya kwanza ilikuwa kazi yao. Hata leo huunganishwa upya kila mwaka, mwiba kwa mwiba, na jamaa nzima hugombana kidogo juu ya mwiba wa mwisho usioingia.

Huenda msomaji mmoja akauliza kama nyumba iliyojaa sanamu namna hii yafaa kwa Wakristo. Sisi wenyewe tulijiuliza siku ya kwanza, kwa kuwa wazee waliotulea hawakuzipenda sanamu. Tuliona ya kwamba hakuna aliyeziomba wala kuzisujudia. Ziliwekwa kama sisi tuwekavyo picha ya marehemu ukutani. Na pango la Noeli, ambalo ndugu zetu Wakatoliki huliweka kanisani, ni desturi ya jamaa hiyo hiyo, inayokumbusha kazi ya Fransisko wa Asizi kule Greccio mwaka 1223. Hapa pia lugha zimeachana njia: Wajerumani huliita Krippe, yaani hori, wakikitazama chombo alicholazwa Mtoto, Waswahili huliita pango, wakitazama mahali.

Sasa twafikia malaika, ambao ndio walioleta maneno mazito katika nyumba ile. Mwaka 1915 wanawake wawili, Grete Wendt na Grete Kühn, walianzisha karakana katika kijiji cha Grünhainichen, na kutoka huko walitoka malaika wadogo wapigao ngoma, zeze, filimbi na vinanda, mabawa yao ya kijani yana nukta nyeupe 11. Mtu hawanunui wote pamoja. Hupewa mmoja siku ya ubatizo, mmoja siku ya kipaimara, mmoja siku ya arusi, hata kwa miaka mingi kundi likakamilika. Mama yake Bibi alikuwa na 26. Katika miaka ya Ujerumani ya Mashariki haikuwa rahisi kuwapata, maana vitu vizuri viliuzwa nchi za nje. Karakana yenyewe ilitwaliwa na serikali mwaka 1972, ikarudi mikononi mwa jamaa mwaka 1990.

Mama huyo alifariki mwaka 1968, na mabinti wawili wakagawana malaika. Ugawaji ulifanywa kwa haki ya hesabu, 13 kwa 13, nao ukawa kosa. Mmoja alipata mazeze, mwingine filimbi na ngoma. Dada alipokufa, watoto wake wakauza fungu lao kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale pamoja na viti na kabati. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Hawakuwahi kuambiwa ya kwamba mpiga filimbi mwenye bawa lililovunjika alinunuliwa wiki aliyozaliwa mama yao, na kwamba baba yao mkubwa ndiye aliyeliunga bawa kwa gundi ya kiatu. Kwao kilikuwa kitu kilichovunjika. Bibi alipotuambia hayo hakulalamika. Alisema, "Kosa ni letu, sisi wawili. Tuliwapa vitu bila maneno yake."

Tangu hapo huandika. Tuligeuza malaika mmoja, na chini ya kibao chake tukaona kwa kalamu ya risasi mwaka na jina la mtoaji. Zaidi ya hayo, mjukuu hana ruhusa ya kuweka kitu mezani mpaka aseme kilitoka kwa nani. Siku ile alikosea mara mbili. Bibi hakumsahihisha, aliacha kitu kikae mkononi mwake mpaka mtoto akakumbuka mwenyewe, na palipokuwa hapana budi alimsimulia tena tangu mwanzo. Sisi tulio walimu tuliona hapo somo lililotayarishwa kuliko mengi ya darasani.

Dirishani walisimama malaika wawili na mchimbaji mmoja. Tukasema, kwa kujivuna na elimu yetu mpya, "Basi nyumba hii ilikuwa na mabinti wawili na mwana mmoja." Bibi akaitikia. Mwana yule, kaka yake, aliondoka mwaka 1958 kwenda Ujerumani ya Magharibi. Mwaka 1961 mpaka ukafungwa, na kwa miaka mingi hakuweza kurudi, hata mazikoni mwa mama yake hakufika. Majirani walimshauri mama amwondoe mchimbaji, kwa kuwa nyakati zile haikuwa vema kukumbusha watu ya kwamba una mtoto upande wa pili. Mama akajibu ya kwamba desturi huhesabu watoto waliozaliwa, haisemi waliopo. Akamwasha kila mwaka mpaka alipokufa, na baada yake Bibi akamwasha. Kaka alipokuja mara ya kwanza, naye amekwisha kuwa na mvi, Bibi alimfungia mchimbaji katika karatasi amchukue, maana ni wake. Alimfungua, akamrudisha dirishani.

Taa huzimwa katika nyumba nyingine 6 Januari, katika nyingine 2 Februari. Bibi ni wa hao wa pili. Wakati huo sisi tulikuwa tumekwisha kurudi kwetu, lakini mjukuu alituandikia barua kwa mkono wake. Vitu vyote vimehesabiwa na kufungwa katika magazeti, masanduku saba yamerudi darini kwa utaratibu ule ule. Farasi mmoja ametoka sikio, nalo limetiwa katika bahasha ndogo ndani ya sanduku la tatu, limeandikwa mwaka, lingoje gundi.